Makopo Mawili ya Maji

8 Januari

Baba Mdogo,

Yale maji yaliyokutwa kwenye tangi la mafuta la Kiatu niliyatia mimi.

Najua barua haianzi hivi. Shuleni tulifundishwa salamu kwanza, hali ya nyumbani, ndipo jambo lenyewe. Lakini mimi nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, najijua. Nimeshachana barua tatu za namna hiyo. Kwa hiyo nimeliandika kwanza, tena kwa wino. Sijamwambia mtu mwingine yeyote, hata Mama.

Shikamoo, Baba Mdogo. Shikamoo Mama Mdogo pia, ingawa hatujaonana. Mimi ni mtoto wa kaka yako, yule mliyekuwa mkimwita Kimya. Bado naitwa hivyo. Nimemaliza shule Novemba, nangoja matokeo. Mama hajambo, anashona kama kawaida. Anwani yako nimeiona kwenye sanduku lake la nyuzi, chini kabisa, na sikumuuliza imefikaje humo. Baba hajambo kidogo tu. Daktari anasema moyo wake umetanuka. Miguu imevimba, analala ameegemea mito mitatu kwenye chumba cha mbele, kile chenye dirisha linaloangalia gereji.

Sasa maji. Nilikuwa na miaka sita. Unakumbuka Baba alivyokuwa kila asubuhi akijaza maji kwenye rejeta za magari ya wateja, huku akiniambia, "Gari usilitoe nyumbani bila kulinywesha." Jumamosi ile mlikuwa mnakipandisha Kiatu, kile kigari chenu cha viti viwili, mlimani kwa mara ya kwanza, baada ya miaka miwili ya kukifufua. Mlipoingia ndani kula, niliona hakuna aliyekinywesha. Boneti sikuiweza. Lakini nyuma ya viti vile viwili palikuwa na kifuniko cha kung'aa kinachofunguka kwa kubonyeza. Nikapanda juu ya tofali. Nikachota kwenye pipa kwa kopo la maziwa ya unga, mara mbili. Nikafunga, nikafuta kwa gauni langu. Kisha nikasimama getini kuwapungia mkono, nimejaa furaha, maana nilikuwa nimesaidia kazi.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Gari likazima kwenye kona ya mlima, lori likawagonga kwa nyuma, goti la Baba halijakunjika tena hadi leo. Nakumbuka uwanja wa hospitali. Baba yuko kwenye kiti cha magurudumu, anapiga kelele: "Umeosha tangi ukaacha maji, kisha ukanipakia mimi humo!" Na wewe: "Kaka, nililikausha kwa upepo kutwa nzima!" "Basi maji yametoka wapi? Mbinguni?" Watu wakatoka wodini kuangalia. Ukasema hutakanyaga kwake mpaka akuite kwa mdomo wake. Miaka kumi na miwili sasa.

Siku ile sikuelewa. Nilielewa nikiwa na miaka kumi na moja. Nilikuwa nimemshikia Baba spana, naye anamweleza mteja kwamba maji na petroli havichanganyiki, maji huzama chini na kukaa yakingoja. Spana ikaniponyoka. Baba akasema, "Kimya, umelala?" Yule mtoto wa miaka sita nimeshamsamehe, Baba Mdogo. Huyu wa kumi na moja bado. Ameishi na jambo hili miaka saba, anakula na Baba meza moja.

Wiki iliyopita alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu anakitaka Kiatu. Baba akamjibu kutoka dirishani, "Hicho si chuma, hiyo ni kesi." Alipoondoka nikamwomba Baba niufungue mfumo wa mafuta, niusafishe. Aliniangalia sana. Kisha akasema, "Fungua. Utakuta alichokiacha."

Nifundishe, tafadhali. Sijui nianzie wapi. Nataka kiwake angali anasikia, na kabla hakijawaka nataka nimwambie. Kwenye simu ya posta nitakwama, ndiyo maana naandika.

Mwanao,
Kimya


2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako mdogo anakusalimu na amefurahi kupata barua kutoka huko, ingawa sikumsomea. Mapacha wameingia darasa la nne, mmoja ana akili na mwingine ana maneno. Mimi siku hizi natengeneza cherehani kwenye kiwanda cha sare za shule. Cherehani haina tangi.

Barua yako nimeipata yote.

Kuhusu kazi. Usiwashe kiberiti wala taa ya mafuta karibu na gari hilo, hata kama unadhani tangi ni tupu. Tangi tupu ndilo baya zaidi, mvuke unabaki. Lishushe. Mimina mabaki kwenye debe, usimwage kwenye mtaro. Tia kokoto safi, kiasi cha viganja viwili, tia siki mpaka nusu, ziba midomo yote, tikisa. Acha siku mbili, tikisa tena. Suuza kwa maji yenye magadi ili siki isiendelee kula bati. Kisha kausha.

Kukausha unajua mwenyewe kwa nini nasema kusifanywe haraka.

Mipira yote ya mafuta itupe, imeshakuwa biskuti. Ngozi ya ndani ya pampu itakuwa imepasuka. Nimekuwekea mpya humu kwenye kifurushi, pamoja na gasketi za kabureta nilizokata mwenyewe. Nilikuwa na karatasi yake, sijui kwa nini nimeitunza.

Msalimie shemeji.

Baba yako mdogo


20 Februari

Shikamoo Baba Mdogo,

Kifurushi kimefika salama, ahsante sana. Mama aliona mwandiko juu ya boksi, akalibeba mwenyewe hadi gereji, akaliweka juu ya benchi, akasema, "Hili lako," akaenda zake. Amepata kazi ya kushona mapazia ya ofisi, nyumba nzima imejaa kitambaa cha kijivu. Baba alipata nafuu kidogo, akala, juzi akazidiwa tena. Mapacha nawasalimu, hasa huyo wa maneno, anigawie.

Tangi limeshuka. Boliti moja ilikataa, nikailowesha mafuta siku tatu. Nilipoanza kutikisa kokoto Baba akaita kutoka dirishani, "Kimya! Unafua tangi au unapiga ngoma?" Nikasema nafua. "Basi fua kwa mpigo mmoja, unaniumiza kichwa." Lakini baadaye Mama aliniambia alikuwa anacheka.

Kilichotoka ni uji wa kahawia, mzito, unanuka kama rangi iliyooza. Nimerudia mara nne. Nilipomulika ndani kwa tochi nikaona mstari wa kutu umekula bati sehemu ya nyuma, chini, mpana kama kiganja changu. Nikajua ndipo maji yalipokaa. Nilikaa chini pale sakafuni kidogo.

Shangazi alikuja Jumapili. Alinikuta nimekumbatia tangi nalikausha kwa pampu ya upepo. Akasema, "Mtoto wa kike, badala ya kujitafutia kazi ofisini! Ndiyo urithi aliokuachia yule mdogo wetu, kutu. Alimvunja kaka mguu, akakimbia, hata pole hakutuma." Baba alikuwa anasikia. Mimi nilikuwa na tangi mikononi, Baba Mdogo, na mdomo ulikuwa wazi, na kitu pekee kilichotoka ni, "Shangazi, chai au maji?"

Hujanijibu kuhusu nililokuandikia. Labda hutaki. Nauliza tu ili nijue kama niendelee kuandika.

Pampu nimeifunga ngozi mpya. Ukiibonyeza kwa kidole inavuta.

Mwanao,
Kimya


6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kuchelewa. Hapa tulikuwa na malaria, kwanza mapacha, kisha mama yao. Wamepona. Hiyo ni sababu ya wiki mbili. Zilizobaki ni zangu.

Nilikasirika. Nakwambia kwa sababu wewe uliniambia. Siku niliyopata barua ya kwanza nilivunja mkono wa cherehani nzima kwa kukaza skrubu kama mwendawazimu. Msimamizi akaniuliza, "Fundi, umegombana na mkeo?" Nikasema ndiyo. Mke wangu hajui hadi leo kwamba tuligombana.

Si juu ya mtoto wa miaka sita. Mtoto wa fundi ameona magari yakinyweshwa, naye akanywesha. Hata ningemwona ningecheka, ningemwaga tangi, tungeondoka saa moja baadaye. Nilikasirika kwa sababu ya mikono yangu. Kwa miaka kumi na miwili nimelikausha tangi lile kichwani kila siku, nikitafuta ni wapi nilipoacha maji. Niliajiriwa gereji mbili baada ya kutoka huko. Nilikuwa nikifunga boliti narudi kuiangalia mara tatu, mara nne. Gari la saa mbili nalimaliza siku mbili. Walinifukuza, na walikuwa na haki. Ndipo nikaenda kwenye cherehani, maana ikiharibika haimuui mtu.

Sasa nimeelewa jambo ambalo sikuwahi kulielewa. Mbona Kiatu kilikwenda vizuri kilomita sita? Nilikuwa nimelipinda bomba la kunyonyea likae juu kidogo ya sakafu ya tangi, ili lisivute uchafu. Kwenye tambarare lilikuwa linanyonya petroli juu ya maji yako. Tulipoanza kupanda, maji yakasogea nyuma, lilipo bomba. Kikanywa maji. Ni hesabu rahisi kabisa, mwanangu. Niliikosa kwa sababu nilikuwa nimeshakubali kwamba mkosaji ni mimi.

Nakuomba kitu kimoja tu. Mwambie baba yako. Siwezi kumwambia mimi, ataona nimemlisha mtoto maneno ili nijisafishe. Mwambie ukiwa wewe na yeye tu. Sidai anipigie magoti. Nataka tu ajue kwamba nilikausha.

Kabureta usizifungue kwa bisibisi butu, zile skrubu ni shaba. Chemsha jeti, vile vijineli vya kupitishia petroli, kwenye maji ya sabuni, zipulizie, usizichokoe kwa waya. Chora mchoro wa kila kitu kabla hujakitoa.

Baba yako mdogo


25 Aprili

Shikamoo Baba Mdogo,

Natumaini mapacha na Mama Mdogo wamepona kabisa. Pole sana. Hapa mvua zimeanza na gereji inavuja palepale inapovujaga. Matokeo yametoka. Nimefaulu, si sana, lakini nimefaulu. Baba aliomba asomewe mara mbili.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nimeuelewa mlima. Nitafanya ulivyoniomba, naahidi.

Kabureta zote mbili nimezifungua. Boya moja lilikuwa limetoboka, lina petroli ya zamani ndani, ukilitikisa linasikika. Nimelipeleka kwa mchomeleaji wa redio akaliziba kwa risasi, likaelea. Sindano ya kushoto imelika upande mmoja. Nimechora kila kitu kama ulivyosema, michoro kumi na tisa.

Alhamisi Baba aliomba nimletee kabureta kitandani. Nilizipanga kwenye sinia ya chai. Alizishika moja moja, macho kayafumba, maana siku hizi hayaoni vizuri, vitu anavijua kwa vidole. "Hii ya kulia. Hii ya kushoto. Hii nani kaiziba? Kaziba vizuri." Kisha akashika gasketi. Akaipapasa ukingoni, akakuta pale unapoachaga sikio dogo la kuivutia. Hakuna fundi mwingine anayeacha sikio. Alikaa nalo kati ya vidole muda mrefu.

"Hii umenunua?" akauliza.

"Nimeletewa."

"Mm," akasema. Akanirudishia.

Mama alikuwa sokoni. Tulikuwa mimi na yeye tu, Baba Mdogo, kama ulivyotaka. Nikasema, "Baba."

"Sema."

Nikasema, "Jeti ndogo inakaa juu au chini?"

Akanieleza. Alieleza vizuri sana, taratibu, kama mwalimu. Nilikuwa natikisa kichwa nikasahau kwamba haoni.

Bado mipira ya mafuta na kuzisawazisha kabureta. Nisaidie hapo, maana vitabu vya Baba vinataja chombo ambacho hatuna.

Mwanao,
Kimya


12 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na hongera kwa matokeo. Mapacha wamekuchorea gari, lina magurudumu sita, usiwaambie.

Barua yako ina kabureta mbili, boya, sindano na michoro kumi na tisa. Nilichokuomba hakimo.

Sikukaripii. Nilikuwa hivyohivyo na baba yetu. Lakini kaka yangu hana muda, na wewe ndiye uliyeniandikia kwamba hana. Nauli ninayo na likizo nimeiomba. Nangoja moja kati ya mawili, aniite au ajue. Utasema ni kiburi. Ni kweli ni kiburi, ndicho nilichoondoka nacho siku ile.

Kusawazisha: chukua mpira mwembamba urefu wa mkono. Ncha moja weka sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta injini ikinguruma. Utasikia mvumo. Hamia kabureta ya pili. Geuza skrubu mpaka mvumo uwe mmoja, usiweze kujua uko wapi. Halafu teremsha mwendo wa injini kuliko kitabu kinavyosema, mpaka uogope itazima, rudisha robo. Ndivyo nilivyokuwa nafanya. Kaka alikuwa ananitukana kwamba nafundisha gari kusinzia.

Mwambie.

Baba yako mdogo


29 Juni

Mwanangu,

Nimefika salama. Mama yako mdogo anawapa pole tena, na mapacha wanauliza kwa nini baba yao haongei.

Nashukuru mlivyonipokea. Nilifika mmeshamzika kaka, siku mbili zimepita, na mlinipa chumba chake, sikustahili. Simu ya shemeji ilinikuta nimeshafunga begi, nilikuwa nimechoka kungoja. Ningefunga wiki moja kabla. Hilo ni langu, usilibebe wewe.

Shangazi yako alikataa mkono wangu mbele za watu. Nilikuona ukisimama. Nilikutikisia kichwa ukae, hapakuwa mahali pake.

Nilikaa kwenu siku tatu na hatukuzungumza hata nusu saa. Nilikikuta Kiatu kinawaka. Nilikisikiliza. Kabureta zimekaa sawa, sikugusa kitu. Nilitaka kukwambia hivyo nikaona umeinama unafagia gereji safi.

Sitakuuliza kama ulimwambia. Nauliza jambo lingine, na unijibu ukiweza. Shemeji anasema alilala tu, hakumuaga mtu. Je, kuna siku aliwahi kunitaja? Hata kwa hasira.

Baba yako mdogo


14 Julai

Shikamoo Baba Mdogo,

Msalimie Mama Mdogo na mapacha. Mama anaamka, anashona, anakula nikikaa naye. Mapazia ya kijivu kayamaliza. Mvua imekatika. Mnunuzi wa vyuma alirudi akaona gari linang'aa, akasema samahani, amekosea nyumba.

Alikutaja. Nitakuandikia kama ilivyokuwa, sitapunguza wala kuongeza, maana maneno ni yako.

Ilikuwa Jumanne alasiri. Mama alikwenda zahanati kuchukua dawa. Baba alikuwa ameanza kuchanganyikiwa, dawa za maumivu zilimfanya azungumze na watu wa zamani, halafu anarudi. Nilikuwa nimemaliza mipira. Nikasukuma pampu kwa mkono mpaka mafuta yakafika, nikavuta choki, nikawasha. Kilikohoa, kikazima. Mara ya tatu kikashika. Nikaweka mpira sikioni kama ulivyonielekeza, nikahangaika nao karibu saa nzima mpaka mvumo ukawa mmoja. Kisha nikateremsha mwendo mpaka nikaogopa, nikarudisha robo. Kikawa kinanguruma chini kabisa, kama mtu aliyelala chumba cha pili.

Nikasikia Baba anagonga kioo cha dirisha. Nikasogea.

"Mwambie aingie," akasema.

"Nani, Baba?"

"Huyo aliyekifundisha kusinzia. Mwambie aingie, asisimame nje kama mgeni."

Nyuma yangu palikuwa na gari tu. Nikazima injini, nikaingia ndani. Nakuapia niliingia ili nimwambie. Njiani nilikuwa nimepanga maneno: hayupo, ni mimi, na siku ile ilikuwa mimi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Kabla sijafungua mdomo alinyoosha mkono akapapasa, akaushika wangu. Ulikuwa unanuka petroli, una kovu la bisibisi, kucha zimejaa weusi.

"Umekonda," akasema. "Cherehani hizo."

Sikuwahi kumwambia kwamba unatengeneza cherehani. Mama naye anasema hakumwambia. Sijui alikuwa anauliza kwa nani miaka yote hiyo, lakini alikuwa anajua.

Akasema, "Safari hii umelikausha?"

Nikaubana mkono wake.

"Safi. Kila fundi ameshaacha maji mahali. Mimi nilikupigia kelele mbele za watu, hilo ndilo baya. Yaishe, mdogo wangu. Yaishe."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi, Baba Mdogo. Haikuwahi kuwa pana namna ile. Alikuwa anakusamehe kosa ambalo hukulifanya, na mwenye kosa ndiye aliyekuwa ameshikwa mkono. Nilijua nikitoa sauti tu atajua si wewe, ataachia. Uso wake ulikuwa umetulia, sijauona hivyo tangu nikiwa mdogo. Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa ajili yake, na nilinyamaza kwa sababu ndivyo nilivyo, na nimejaribu kuyatenganisha mawili hayo nimeshindwa. Akalala akiwa bado ameushika. Hakuamka tena vizuri. Alhamisi akafariki.

Kwa hiyo hakujua. Hukupata ulichoniomba, na sasa hakuna atakayeweza kukupa. Nilikuahidi kwa wino.

Nilichoweza kufanya nimekifanya Jumapili hii. Shangazi alikuja kugawa nguo za Baba. Alipoanza kukusema nikamwambia. Nilikuwa nimesimama, nimeshikilia mgongo wa kiti. Makopo mawili, tofali, kifuniko, yote. Mama aliweka mkasi chini akatoka nje. Shangazi aliniangalia kama hajawahi kuniona, akasema, "Na ulikuwa unaniacha niseme? Miaka yote uliniletea chai na kuniacha niseme?" Kisha akaketi akalia. Alisema atakuandikia mwenyewe. Mama alirudi ndani baada ya muda mrefu. Hajanigombeza. Amenipikia, lakini hajaniita jina, hata lile la utani. Nangoja.

Habari za maji, basi, si siri tena, waambie uwapendao, uwaambie na mapacha wakikua. Lakini mambo ya mkono ule yabaki kwetu wawili. Mama anajifariji kwamba Baba hakumuaga mtu yeyote, hivyo hata yeye hakupunjwa. Akijua kwamba aliaga, tena aliaga wakati yeye yuko kwenye foleni ya dawa, na kwamba aliyeagwa hakuwepo, sijui atakiweka wapi kitu hicho. Miaka kumi na miwili amemuuguza goti na moyo.

Usimwambie Mama, Baba Mdogo. Usimwambie Shangazi akikuomba radhi, wala Mama Mdogo akikuuliza umesoma nini. Barua nyingine zitunze ukipenda. Hii ukishaisoma ichane, na yale maneno yake ubaki nayo.

Mwanao